Saa ya mitambo iliyokwisha kuvaliwa: kujua inaumwa nini kabla ya kuifungua

Saa ya mitambo haikosei ovyo. Ikienda mbele dakika nne kwa siku, ikirudi nyuma sekunde ishirini, au ikisimama alfajiri wewe umelala, kila kosa lina chanzo chake, na mara nyingi unaweza kukijua chanzo hicho ukiwa nyumbani kwako hapa Dodoma, Ipagala au Kisasa, mfuniko wa nyuma haujaguswa. Naandika kwa ajili ya mtu aliyenunua, au anayetaka kununua, saa ya thamani iliyokwisha kuvaliwa na mwingine, hasa yale matoleo yanayotengenezwa kwa idadi maalumu. Saa ya kawaida ikiharibiwa na fundi utatafuta nyingine. Toleo la saa 500 dunia nzima, yako ikibadilishwa uso au ikapigwa msasa, zimebaki 499 na ya kwako haimo.

Vifaa ni vichache: daftari, simu inayojiseti saa kwa mtandao, lenzi ya kukuza mara kumi, na dira ndogo ya sindano. Ile ya kutafutia kibla inatosha kabisa.

Bado iko mkononi mwa muuzaji, na kuna kitu hakikai sawa

Anza na namba. Saa ya toleo maalumu mara nyingi huandikwa namba yake kwenye mfuniko au ubavuni. Kwa mfano, Omega ilipotoa Speedmaster ya chuma ya kuadhimisha miaka 50 ya Apollo 11 mwaka 2019, zilitengenezwa 6969, na kila moja ina namba yake. Namba hiyo ifanane na ya kwenye kadi, na ile namba nyingine ya utambulisho wa saa nayo ifanane na ya kwenye kadi. Ukikuta namba ya toleo imechongwa kwa kina kisicho sawa, au herufi zake zina kingo butu wakati maandishi ya jirani yana kingo kali, huenda mfuniko huo umebadilishwa au umechongwa upya. Kisha itafute namba hiyo hiyo kwenye intaneti. Namba moja haiwezi kuwa na saa mbili. Ukiiona inauzwa mahali pengine, kuna mtu anadanganya, na huenda ni huyu aliye mbele yako.

Saa inang'aa sana gizani kuliko umri wake. Hili ni jambo ninalolipenda kwa sababu halihitaji fundi. Saa nyingi za zamani zimeandikwa sehemu ya chini ya uso herufi T upande huu na huu wa neno SWISS. T hiyo ni tritiamu, dutu yenye mionzi inayofanya alama ziwake gizani, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Saa ya miaka ya 1980 yenye alama hiyo inapaswa kuwa karibu imezimika. Ikiwaka kama taa ya bodaboda, alama zake zimepakwa rangi upya, hata kama muuzaji anaapa kwamba haijaguswa. Rangi za kisasa kama Super-LumiNova zilishika nafasi kuanzia miaka ya 1990. Hizo huwaka baada ya kumulikwa na kufifia taratibu, na zenyewe hazichakai kwa namna ile. Angalia pia kama mishale na alama za uso zinawaka kwa rangi moja. Mishale ikiwaka kijani na alama zikiwaka buluu, huenda mishale imetoka kwenye saa nyingine, isipokuwa kama ndivyo kiwanda kilivyoitoa, na hilo utalijua kwa kulinganisha na picha za toleo hilo.

Bodi inameremeta kama kijiko kipya. Watu wengi hufurahi hapa. Mimi hapa ndipo ninapoinuka na kuaga. Zile pembe nne zinazoshika mkanda zilitoka kiwandani na kingo kali na unene sawa. Mtu akizipitisha kwenye mashine ya kung'arisha, kingo zinalainika, pembe moja inakuwa nyembamba kuliko mwenzake, na chuma kilichoondoka hakirudi. Mikwaruzo ya kuvaliwa ni heri mara mia. Chukua lenzi, tazama pembe zote nne kutoka ubavuni, halafu tazama midomo ya skrubu za mfuniko: ikiwa imetafunwa na bisibisi, mtu asiye na vifaa sahihi amepita humo.

Karatasi hazipo. Hili si lazima liwe wizi, watu hupoteza makasha kila siku. Lakini kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na hujitetei kwa kusema hukujua kama bei yenyewe ilikuwa inakupigia kelele. Kuna The Watch Register ya London, inayotunza kumbukumbu za saa zilizoibwa na kupotea. Baadhi ya kampuni za kutengeneza saa, Patek Philippe na Longines zikiwemo, hutafuta kumbukumbu za saa kwenye vitabu vyao vya kiwanda ukiwapa namba. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni hati ya mauziano yenye namba zote mbili za saa, nakala ya kitambulisho cha NIDA, na shahidi. Ukinunua dukani, dai risiti ya EFD. Siku ukitaka kuuza, karatasi hizo zitakuwa sehemu ya bei.

Daftari la siku saba

Ukishaipata, usikimbilie fundi. Ijaze ufunguo, iseti sawasawa na simu, na kila siku wakati uleule, mathalani taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza, andika imekosea sekunde ngapi. Andika pia ililalaje usiku: uso juu, uso chini, au imesimama kwa ubavu.

Siku ina sekunde 86,400. COSC, taasisi ya Uswisi inayopima saa, huipima mashine ya ndani ya saa kwa siku 15, katika mikao mitano na kwenye joto la nyuzi 8, 23 na 38, na wastani wake unatakiwa uwe kati ya kurudi nyuma sekunde 4 na kwenda mbele sekunde 6 kwa siku. Zile zenye cheti cha Master Chronometer kinachosimamiwa na METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, hukubaliwa zikiwa kati ya 0 na +5 (+ ni kwenda mbele, - ni kurudi nyuma). Lakini saa ya miaka ishirini isiyo na cheti, ikienda mbele sekunde 12 leo, kesho 12, keshokutwa 13, haiumwi. Iache. Ya kukutia wasiwasi ni ile inayoruka: leo +5, kesho -20, siku ya tatu +9.

Inakwenda mbele dakika nzima au zaidi kwa siku

Shuku sumaku kabla ya kitu kingine chochote.

Ndani ya saa kuna gurudumu la mizani linalokwenda huku na huku, kwenye saa nyingi za sasa mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 8 kila sekunde. Linaongozwa na springi nyembamba kama unywele, iliyojiviringisha kama gamba la konokono. Springi hiyo ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana. Iliyonatana ni kama imefupishwa, na springi fupi hupiga haraka, kwa hiyo saa inakimbia.

Hili nimelijua kwa kuumia. Saa yangu ni kronografu ya Uswisi, yaani saa yenye kipima muda, tena ya automatiki, inayojijaza kwa mwendo wa mkono, moja kati ya 500, niliyoinunua kwa mzee aliyekuwa anastaafu. Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri, kisha ikaanza kukimbia dakika nne kwa siku. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaifungua, akasukuma kile kikono kidogo cha kurekebishia mwendo mpaka karibu na mwisho wa upande wa kupunguza mwendo, akafunga. Ikatulia, nikalipa, nikamshukuru. Wiki ya pili ikaanza kuyumba: siku hii iko sawa, siku ile imekimbia dakika moja, siku nyingine imerudi nyuma mbili.

Nikaenda kwa mzee mwingine, mwenye kijimeza karibu na Soko la Majengo. Hakuifungua. Alitoa dira kutoka kwenye kopo la skrubu, akaiweka mezani, akasubiri sindano itulie, kisha akaisogeza saa polepole. Sindano ikageuka na kuifuata saa kama kuku anayefuata mtama.

"Mwanangu, saa yako haijafa. Ina sumaku. Usiku unaiweka wapi?"

Nikafikiri. Kila usiku nilikuwa naiweka juu ya spika ndogo ya kando ya kitanda.

Alikuwa na kifaa cha kuondolea sumaku, kijisanduku cha plastiki cha kuchomeka kwenye umeme. Akaishika saa juu yake, akabonyeza, na huku amebonyeza akaiondoa taratibu mpaka mkono ulipofika mwisho, ndipo akaachia. Kubonyeza na kuachia saa ikiwa bado juu ya kifaa huweza kuiacha bado na sumaku. Kazi yote haikufika dakika moja. Na saa ikaanza kurudi nyuma dakika tatu kwa siku, kwa sababu yule fundi wa kwanza alikuwa amelirekebisha kosa la sumaku kwa kikono. Ikabidi sasa ifunguliwe kwa haki, kikono kirudishwe kati.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu, na usikubali ugeuzwe: dira kwanza, kuondoa sumaku pili, daftari la siku saba tena, na kikono kiguswe mwisho kabisa. Hapa mtaani sumaku ziko kwenye spika, vifungo vya mikoba, makava ya tableti, na mgongoni mwa simu nyingi za iPhone kuanzia toleo la 12 la mwaka 2020. Ndiyo maana sishauri dira ya simu kwa kipimo hiki. Saa zenye springi ya silikoni hazisumbuliwi na sumaku kwenye springi hiyo, na Master Chronometer hupimwa kwenye sumaku kali ya gausi 15,000, basi kama yako ni ya aina hiyo na bado inakimbia, chanzo ni kingine.

Imeondolewa sumaku na bado inakimbia? Ilidondoka lini? Pigo linaweza kuufanya mzunguko mmoja wa springi ukwame kwenye mwingine, na tone la mafuta lililotoroka hunatisha vilevile. Hapo hakuna la kufanya nyumbani.

Inarudi nyuma, na kila mwezi inazidi

Mafuta yamekauka. Mafuta ya saa ni matone madogo mno kwenye ncha za ekseli, na baada ya miaka huganda au kukimbia mahali pake. Gurudumu la mizani linachoka, linazunguka pungufu ya lilivyotakiwa. Dalili yake kwenye daftari ni tofauti kubwa kati ya usiku iliolala uso juu na usiku iliosimama kwa ubavu.

Fundi mwenye mashine ya kupimia atakupa namba. Saa isiyo na tatizo, iliyojazwa na kulala uso juu, huonyesha nyuzi 270 hadi 310 za mzunguko wa mizani. Ikiwa chini ya 220 imejaa kabisa, inadai sevisi. Kuna programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa kwa maikrofoni na kutoa makisio. Kwa kujua mwendo zinasaidia, kwa kuamua ununuzi mkubwa usizitegemee. Kama bei ni kubwa, mwombe muuzaji mkapime pamoja kabla pesa haijatoka.

Kampuni nyingi hupendekeza sevisi kila baada ya miaka 5 hadi 10. Muuzaji akisema "haijawahi kufunguliwa tangu iliponunuliwa" na saa ina miaka kumi na mitano, anajisifia kitu ambacho wewe utakilipia.

Dodoma ina jambo lake hapa. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo na vumbi haviishi, na vumbi likiingia kwenye mafuta ya saa linageuka msasa. Kwenye saa iliyofungwa vizuri haliingii. Huingia siku saa inapofunguliwa barazani. Yule mzee wa Majengo alipoifungua yangu, aliingia ndani, akafunga mlango ingawa joto lilikuwa kali, akafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, na kila alipoinuka kutafuta kitu aliifunika mashine kwa glasi ya chai iliyogeuzwa. Fundi akiifungua saa yako ya thamani kwenye meza iliyo wazi kando ya barabara, hata kama mkono wake ni hodari kwa kubadilisha betri, ichukue kwa adabu uende nayo.

Inasimama usiku

Kwa automatiki, mara nyingi anayeumwa si saa. Mtu anayekaa ofisini Mtumba kuanzia asubuhi hadi jioni, mkono uko juu ya kibodi, hauzungushi rota, kile kipande kizito cha ndani kinachoijaza saa, vya kutosha. Jaribu hivi: ijaze kwa mkono, mizunguko 30 hadi 40, au zaidi kwa zile zinazodumu muda mrefu, iweke mezani uso juu, andika muda ulioanza, usiiguse. Mashine ya ETA 2824-2 inatakiwa ifike kama saa 38. Seiko 6R35 ifike 70. Ikifika, springi kuu, ile inayotunza nguvu ya saa, ni nzima na tatizo ni rota au mkono wako. Vaa siku mbili ukitembea tembea, urudie. Ikisimama mapema ikiwa imejaa, mafuta au springi kuu.

Ukisikia rota ikizunguka ghafla na saa nzima ikitikisika mkononi, tulia kwanza. Mashine ya Valjoux 7750 hujaza upande mmoja tu, upande wa pili rota inazunguka huru, na mtikisiko huo ni tabia yake. Sauti ya kukwaruza ndiyo mbaya. Na kama njia yako ya kwenda kazini ni ya bodaboda kwenye makorongo, ivue uifunge kwenye kitambaa.

Tarehe inabadilika saa sita mchana

Haijaharibika. Umeiseti saa sita ya mchana mahali pa saa sita ya usiku. Sogeza mishale mbele mzunguko mmoja wa saa kumi na mbili. Na ukiiseti kwa hesabu ya Kiswahili ili mshale mfupi usome saa tatu pale tunaposema saa tatu, tarehe itageuka saa kumi na mbili, asubuhi au jioni.

Kinachovunja meno ni hiki: kubadilisha tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, wakati magurudumu ya tarehe yameshikana. Kabla ya kugusa tarehe, peleka mshale mfupi kwenye namba 6. Hapo ni salama, uwe usiku au mchana. Tarehe iliyokwama nusu kwenye kidirisha huenda ni jino lililovunjika, na kuilazimisha kutavunja la pili.

Ukungu ndani ya kioo

Hili halingoji kesho. Unyevu ukikaa, mishale hushika kutu na uso unapata madoa, na uso wa toleo maalumu haupatikani tena.

Wakazi wa Dodoma huliona hasa Juni na Julai. Mtu ameshuka Dar es Salaam kwa treni, ameiseti saa huko na hakurudisha vizuri kichwa cha kujazia, hewa yenye unyevu imeingia. Huko joto, hakuna kinachoonekana. Amerudi, alfajiri ya baridi ya Dodoma, kioo kimepoa na unyevu umejikusanya juu yake. Anadhani maji yameingia nyumbani, kumbe yamesafiri naye.

Kama huna uhakika, ipashe saa moto kwa kuishika kiganjani dakika kadhaa, dondoshea kioo tone la maji baridi, subiri kidogo, ufute. Likibaki doa la ukungu upande wa ndani mahali pale pale, unyevu umo. Usiiweke kwenye mchele, unga wake unaingia mahali pabaya na unyevu hautoki. Usiianike juani wala kwenye dashibodi, joto linaua mafuta na raba. Ifunguliwe siku hiyo hiyo, ikaushwe, raba za mfuniko na za kichwa cha kujazia zibadilishwe, kisha ipimwe kwa mgandamizo. Raba ni kitu kidogo sana cha bei, lakini hukauka, na kipimo cha mita kilichoandikwa kwenye saa kilikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani. Mita 30 ni maji ya kunawa mikono. Usiogelee nayo.

Mshale wa kronografu haurudi kwenye 12

Ukikosea kwa alama moja, mshale umeteleza kwenye ekseli yake, na fundi ataukaza upya kwa kazi ndogo. Ukirudi kila mara mahali tofauti, nyundo ya ndani haishiki sawasawa. Acha kubonyeza. Na usibonyeze kitufe cha kurudisha sifuri wakati mshale unakimbia, isipokuwa saa yako imetengenezwa kwa hilo.

Kabla hujaiacha kwa fundi

Mwandikie kwenye karatasi, hata kama ni rafiki: bodi ising'arishwe, uso na mishale visiguswe rangi, na kila kinachotolewa kirudishwe kwangu. Piga picha ya namba, ya uso kwa karibu, na ya pembe nne. Mafundi wazuri hawachukii karatasi hiyo. Wengine huiomba wenyewe, kwa sababu inawalinda nao pia.

Vipande vya zamani vya saa yangu vimo kwenye mfuko mdogo wa zipu ndani ya kasha lake: raba mbili zilizokakamaa, skrubu moja iliyotafunwa mdomo, na karatasi yenye mwandiko wa mzee wa Majengo, "sumaku imetolewa, kikono kimerudishwa kati, raba mpya." Nyuma ya karatasi hiyo nimenakili siku saba za kwanza: +3, +4, +3, +3, +5, +4, +3.